Sura ya Nne: Nuru ya Mlangoni na Watu wa Ndani

Kumchora mtu akiwa ndani ya chumba, kwa namna itakayomfanya mtazamaji aamini kwamba chumba hicho kina hewa, kina urefu wa kwenda ndani na kina saa yake ya siku, ni kazi ambayo kwa sehemu kubwa haimhusu mtu mwenyewe bali inahusu nuru inayomfikia na njia ambayo nuru hiyo imepitia kabla ya kumfikia. Uso uliochorwa kwa ustadi, wenye pua na midomo iliyokaa mahali pake, huonekana kama umebandikwa juu ya turubai iwapo kivuli chake kinaelekea upande mmoja na kivuli cha kiti kinaelekea mwingine, na kasoro hiyo huhisiwa hata na mtazamaji asiyeweza kuieleza. Vitabu vingi vya mafunzo vinavyomfikia mchoraji wa Afrika Mashariki viliandikwa Ulaya au Marekani, na kanuni zake za nuru ni za kweli huko zilikoandikwa. Sura hii inaishughulikia Kigali, mji ulio takriban nyuzi 2 kusini mwa ikweta na zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa sababu nuru inayoingia katika vyumba vyake ina mwenendo wa peke yake, na mchoraji anayeazima dirisha la Delft na kulipachika katika mtaa wake wa Nyamirambo hupata kivuli kizuri kisichoaminika.

Dirisha hilo la Delft linastahili kuangaliwa kwanza, kwa kuwa ndilo lililoweka kipimo ambacho michoro ya ndani imepimwa kwacho kwa muda mrefu. Johannes Vermeer, aliyeishi katika mji huo wa Uholanzi kati ya mwaka 1632 na 1675, alirudia mara nyingi mpango mmoja: chumba chenye dirisha upande wa kushoto, mtu mmoja au wawili karibu nalo, na ukuta mweupe nyuma yao. Katika mchoro wa mtumishi anayemimina maziwa, uliochorwa kati ya 1658 na 1660 hivi na sasa umo katika makumbusho ya Rijksmuseum mjini Amsterdam, ukuta huo umepewa uangalifu kiasi kwamba msumari mmoja uliopigiliwa juu yake umechorwa pamoja na kivuli chake kidogo. Caravaggio alikuwa amefanya jambo tofauti mjini Roma mwaka 1599 na 1600, alipochora wito wa Mtakatifu Mathayo kwa ajili ya kanisa la San Luigi dei Francesi: dirisha lipo ndani ya mchoro lakini halitoi nuru yoyote, na mwale unaowaangaza watu mezani unatoka mahali pa juu upande wa kulia, nje ya mchoro. Mmoja aliipokea nuru ya chumba kama ilivyo, mwingine aliipanga kama apangavyo mtu jukwaa, na wachoraji wote waliofuata wamesimama mahali fulani kati ya hao wawili.

Elimu ya msingi ya jambo hili, hata hivyo, ni kongwe kuliko wote wawili na haikuzaliwa Ulaya. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Kairo karibu na mwaka 1040, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba nuru husafiri kwa mistari iliyonyooka kutoka kila nukta ya kitu kinachong'aa au kilichoangazwa, na kwamba jicho huona kwa kuipokea nuru hiyo, wala halirushi miale yake lenyewe. Kutokana na maelezo hayo mchoraji hupata jambo moja kubwa: ukuta, sakafu, shuka na udongo wa uani, vikishaangazwa, navyo huwa vyanzo vya nuru. Katika mji wa kitropiki vyanzo hivyo vya pili ndivyo vinavyotawala chumba kwa saa nyingi za mchana.

Kanuni inayorudiwa mno katika vitabu vya Ulaya ni kwamba chumba cha mchoraji kiwe na dirisha linaloelekea kaskazini. Sababu yake ni wazi: Delft iko nyuzi 52 kaskazini mwa ikweta, jua la mchana huko hupita daima upande wa kusini, na kwa hiyo dirisha la kaskazini hupata nuru ya anga tupu, iliyo tulivu na isiyobadilika sana tangu asubuhi hadi alasiri. Kigali hali si hiyo. Jua hupita wima juu ya mji mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Kati ya tarehe hizo, yaani kwa miezi sita ya kuanzia Machi, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na kwa miezi mingine huwa kusini. Mwishoni mwa Juni jua la adhuhuri husimama takriban nyuzi 65 juu ya upeo wa macho, na mwishoni mwa Desemba takriban nyuzi 68, kwa hiyo hata linapoegemea upande mmoja bado liko juu sana. Dirisha la kaskazini katika mji huu ni dirisha la jua kwa nusu ya mwaka, ingawa upenu wa paa huizuia sehemu kubwa ya jua hilo lisifike ndani. Anayetaka nuru tulivu ya anga peke yake hana budi kuhama upande wa chumba kwa majira, au kutundika kitambaa cheupe dirishani.

Jambo jingine la kijiografia linamrahisishia mchoraji kazi. Kigali iko karibu kabisa na longitudo ya 30 mashariki, ambayo ndiyo longitudo inayotumiwa kuweka saa za Rwanda, na kwa sababu hiyo saa sita mchana kwenye saa ya ukutani haipishani na adhuhuri ya kweli ya jua kwa zaidi ya robo saa hivi katika mwaka mzima. Urefu wa siku nao hubadilika kidogo mno. Siku za karibu na Machi na Septemba, jua huchomoza upande wa mashariki kamili mnamo saa kumi na mbili asubuhi, kisha hupanda kwa nyuzi 15 hivi kila saa: saa mbili liko nyuzi 30, saa tatu nyuzi 45, saa nne nyuzi 60, saa tano nyuzi 75. Miji michache duniani humruhusu mchoraji kukokotoa kivuli kichwani kwa wepesi huo.

Na achukuliwe mlango unaoelekea mashariki, wenye kimo cha mita 2, usio na baraza mbele yake. Saa moja asubuhi jua hupenya hadi mita 7 na nusu ndani, maana yake katika chumba cha kawaida hupiga ukuta wa nyuma na kumwangaza usoni yeyote aliyeketi pale. Saa mbili doa la jua sakafuni huishia mita 3 na nusu kutoka kizingitini. Saa tatu huishia mita 2, sawa na kimo cha mlango wenyewe. Saa nne limebaki mita moja na ushei, na saa tano ni nusu mita hivi. Kati ya saa mbili na saa tatu, basi, mpaka wa jua hurudi nyuma kwa wastani wa sentimita 2 na nusu kila dakika, mwendo ambao hakuna brashi inayoweza kuufuata. Mchoraji anayenakili kile anachokiona kwa saa nzima mfululizo atakuwa amechora goti la saa mbili, mkono wa saa mbili na nusu na sakafu ya saa tatu ndani ya mchoro mmoja. Dawa yake ni kuchagua saa moja, kuweka alama ya chaki sakafuni mahali mpaka wa jua ulipo wakati huo, na kuitii alama hiyo hadi kazi iishe, hata jua lenyewe likishaondoka.

Baada ya saa tano asubuhi na hadi saa saba mchana, jua la moja kwa moja haliingii kabisa katika nyumba nyingi, na hapo ndipo nuru ya Kigali inapojitenga kabisa na ile ya vitabu. Jua likiwa utosini, uwanja wa nje huwaka kuliko kitu kingine chochote, na uwanja huo hurudisha nuru kupitia mlangoni na madirishani kuelekea juu, ikapiga dari na sehemu za chini za kila kitu kilichosimama chumbani. Ikiwa uwanja ni wa udongo mwekundu, kama ulivyo katika sehemu nyingi za vilima vya mji ambazo hazijasakafiwa, nuru hiyo huwa ya moto, yenye wekundu wa tofali. Ikiwa ni wa majani, huingia ukijani ambao mchoraji asiyeujua hudhani ni kosa la macho yake. Vigae vya saruji hutoa nuru isiyoegemea rangi yoyote. Wakati huohuo, anga la buluu huteremsha nuru yake ya baridi kwa mshazari kupitia matundu yaleyale, ikatua sakafuni, mabegani, mapajani na juu ya meza. Hapo hupatikana kanuni inayofaa kukaririwa na kila anayechora ndani ya nyumba yenye uwanja wa udongo mwekundu katika mji huu wakati wa mchana: nyuso zinazotazama juu huelekea ubaridi, nyuso zinazotazama chini huelekea umoto. Chini ya kidevu, chini ya pua na chini ya ukingo wa meza, mahali ambapo mwanafunzi wa vitabu huweka kijivu au nyeusi, katika chumba cha namna hiyo mtaani Kimihurura wakati wa adhuhuri huwa na rangi ya chungwa iliyokolea.

Hapa inafaa istilahi zitenganishwe. Kivuli cha mwili ni ile sehemu ya kitu ambayo imegeuka na kukipa kisogo chanzo cha nuru, kama upande wa shavu ulio mbali na mlango. Kivuli cha kutupwa ni giza ambalo kitu hicho kinaliweka juu ya kitu kingine, kama umbo la kichwa ukutani. Nusu-kivuli ni ukanda wa mpito kati ya giza kamili na nuru kamili, na upana wake huamuliwa na ukubwa wa chanzo pamoja na umbali kati ya kitu na mahali kivuli kinapoangukia. Jua, lionekanalo angani kwa upana wa takriban nusu digrii, hutengeneza nusu-kivuli chenye upana wa kama sentimita moja kwa kila mita ya umbali, kwa hiyo kivuli cha nondo ya dirisha kwenye ukuta ulio mita 3 ndani huwa na ukingo uliolegea kwa sentimita 3 hivi. Mlango ulio wazi chini ya anga la mawingu ni chanzo kikubwa mno kikilinganishwa na jua, na vivuli vyake huwa vimelegea kiasi cha kutokuwa na ukingo unaoonekana, ila pale tu kitu kinapogusana na kitu: mguu na sakafu, kisigino na mkeka, kiwiko na meza. Mwanafunzi anayevichora vivuli vyote kwa ukingo mmoja mkali amechora chumba kilichoangazwa kwa kurunzi, apende asipende. Msimu nao huingia katika hesabu hii, kwa sababu wakati wa mvua za masika na vuli mawingu huligeuza anga lote kuwa chanzo kimoja kikubwa, na katika kiangazi cha Juni hadi Agosti vumbi na ukungu mkavu hulegeza hata kivuli cha jua.

Tatizo linalofuata ni la uwezo wa rangi zenyewe. Jua la kitropiki la adhuhuri humwaga nje nuru inayokaribia luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha nuru inayoangukia eneo fulani), ilhali pembe ya ndani ya chumba kilekile inaweza kuwa na luksi 100 au pungufu. Tofauti ni ya mara elfu moja. Rangi nyeupe kabisa ya mafuta hurudisha takriban asilimia 90 ya nuru inayoipiga, na nyeusi iliyokolea hurudisha asilimia 3 au 4, kwa hiyo uwezo wote wa turubai kutoka mwanga hadi giza hauzidi sana mara 30. Hakuna mchoraji aliyewahi kuchora mlango wazi wa adhuhuri na pembe ya chumba kwa vipimo vyake vya kweli, na hatapatikana. Anachoweza ni kubana: kuamua ni eneo lipi litakalopewa haki ya kuonyeshwa kwa ukamilifu na lipi litakalotolewa kafara. Wengi huutoa kafara mlango, wakauacha uwe mweupe mtupu usio na kitu ndani yake, ili watu waliomo chumbani wapate nafasi ya kutosha ya toni, yaani ngazi za mwanga na giza. Njia hiyo ni halali, lakini ina gharama, kwa sababu katika nyumba nyingi za Kigali mlango hufungua macho kwenye kilima cha upande wa pili, na bila kilima hicho chumba kinaweza kuwa cha mji wowote. Njia iliyo ngumu zaidi, ambayo huzaa matunda mazuri zaidi, ni kumkalisha mtu katikati, mita moja na nusu au mbili kutoka kizingitini, mahali ambapo nuru ya nje bado ina nguvu, kisha kukiacha kilima kiwe cheupecheupe na kuizamisha pembe ya nyuma gizani.

Ngozi ya watu wanaochorwa inadai mjadala wake, kwa kuwa hapa ndipo vitabu vilivyoazimwa vinapopotosha zaidi. Mafunzo mengi ya kale ya kuchora mwili yalibuniwa kwa ngozi nyeupe, ambayo huonyesha kivuli cha mwili kwa uwazi kwa sababu sehemu iliyoangazwa iko mbali sana kitoni na sehemu yenye giza. Ngozi nyeusi hurudisha nuru kwa namna mbili zinazopaswa kutenganishwa. Nuru inayopenya ndani ya ngozi na kutoka tena imefyonzwa kwa kiasi kikubwa, na inayobaki ina rangi nzito, ya kahawia, ya zambarau au ya wekundu wa shaba. Nuru inayorudishwa na uso wa juu wa ngozi, pale penye mafuta na jasho, ni takriban asilimia 4, na kiasi hicho ni kilekile kwa ngozi yoyote, iwe nyeupe au nyeusi. Kwa kuwa kiini cha ngozi nyeusi ni cha giza, asilimia hizo 4 huonekana kwa nguvu zaidi, na mng'ao huo huchukua rangi ya chanzo, hauchukui rangi ya ngozi. Mtu aliyeketi karibu na mlango asubuhi yenye anga safi huwa na mng'ao wa buluu kwenye paji la uso na kwenye mfupa wa shavu. Akigeukia uani kwenye udongo mwekundu, mng'ao wa chini ya taya huwa wa moto. Umbo la uso mweusi, kwa maneno mengine, huchongwa kwa mng'ao kuliko kwa kivuli, na mchoraji anayeongeza weupe kwenye rangi ya kahawia ili kupata sehemu ya mwangaza huishia na ngozi yenye vumbi. Dawa ya kawaida ni kuanza na mchanganyiko wa rangi ya udongo iitwayo sienna ya kuchomwa na buluu ya ultramarini, ambao hutoa giza lililo hai linaloweza kuvutwa kuelekea umoto au ubaridi, na kuiweka nyeusi ya chupani kando hadi mwisho.

Katika nyumba za kale za Rwanda tatizo la nuru lilikuwa na sura nyingine kabisa. Nyumba ya msonge ya nyasi, ambayo mfano wake mkubwa umejengwa upya Rukari mjini Nyanza, mahali palipokuwa makao ya mfalme, haina dirisha. Nuru yote huingia kwa mlango mmoja, na sehemu za ndani zimegawanywa kwa insika, yaani viambaza vilivyosukwa na kupambwa kwa maumbo meusi na meupe. Aliyezoea jua la nje akiingia humo haoni kitu kwa dakika kadhaa, kisha maumbo hayo hujitokeza polepole, kwanza meupe, halafu meusi yaliyotenganishwa na giza la jumla. Mapambo yenye tofauti kali ya weusi na weupe yanafaa mno mahali penye nuru haba, kwani mapambo ya toni za katikati yangepotea kabisa.

Sanaa ya imigongo inakwenda mbali zaidi. Ilianzia Gisaka, mashariki ya nchi, katika eneo ambalo leo liko wilaya ya Kirehe, na mapokeo yanainasibisha na Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi wa Gisaka. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, hupangwa ukutani kwa matuta membamba yaliyonyooka, huachwa ikauke, husuguliwa, kisha hupakwa rangi nyeusi, nyeupe ya udongo na nyekundu ya ardhi. Watu wengi huitazama kama sanaa ya maumbo ya pembe na mistari tu, kwa sababu leo huuzwa kwenye vibao vilivyotundikwa chini ya taa za madukani zinazoipiga kutoka mbele. Ilipokuwa ukutani, ndani ya nyumba, nuru ya mlangoni iliijia kwa mshazari, na kila tuta likatupa kivuli chake cha kweli upande wa pili, kikirefuka na kufupika kwa saa. Aliyeitengeneza alikuwa anafanya kazi na kivuli moja kwa moja, bila kukiigiza kwa rangi. Kwa mchoraji wa leo anayeweka kibao cha imigongo nyuma ya mtu aliyeketi, jambo hilo lina maana ya vitendo: upande ambao matuta yana kivuli ni ushahidi wa mahali nuru ilipo, na akiyachora kama mistari bapa atakuwa ameuharibu ushahidi bora zaidi uliomo chumbani.

Ikiwa nuru na kivuli vimekuwa karibu hivyo, kuna haja ya kueleza kwa nini uchoraji wa Afrika Mashariki wa karne ya 20 uliviacha pembeni kwa muda mrefu. Sehemu ya jibu iko katika shule. Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kufundisha sanaa Makerere, Kampala, mwaka 1937, aliamini kwamba mwanafunzi wa Kiafrika angeharibiwa kwa kulazimishwa kuchora kwa kunakili mbele ya modeli, na alipendelea kusimulia kisa ili mwanafunzi akichore kutoka akilini. Mjini Lubumbashi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mitaani, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha mwaka 1946 karakana iliyojulikana kama Le Hangar kwa imani inayofanana na hiyo, na wanafunzi wake kama Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga walizijaza turubai zao kwa vitone na mistari bila chanzo chochote cha nuru. Kazi zilizotoka huko ni nzuri, na Sam Ntiro wa Machame, aliyesoma chini ya Trowell, hahitaji kuombewa radhi na mtu. Lakini uamuzi wenyewe ulikuwa wa walimu: elimu ya kivuli ilizuiliwa kwa hoja kwamba si ya Kiafrika, kana kwamba jua la Kampala halikuwa na kivuli. Cecil Todd alipoichukua shule ya Makerere mwishoni mwa miaka ya 1950, mafunzo ya kuchora kwa kutazama yalirudishwa, na tangu hapo njia zote mbili zimeendelea bega kwa bega.

Kigali iliingia katika historia hii kwa kuchelewa. Kwa miongo mingi Shule ya Sanaa ya Nyundo, iliyo Rubavu kaskazini-magharibi, ndiyo iliyokuwa mahali pa kusomea, na mji mkuu ulianza kuwa na karakana za pamoja za wachoraji mwanzoni mwa karne hii. Collin Sekajugo, ambaye mwaka 2022 aliiwakilisha Uganda pamoja na Acaye Kerunen katika maonyesho ya Venice, alianzisha karakana ya Ivuka mwaka 2007. Ndugu wawili, Emmanuel Nkuranga na Innocent Nkurunziza, walifungua karakana ya Inema katika mtaa wa Kacyiru mwaka 2012. Na jumba la zamani la rais lililoko Kanombe liligeuzwa kuwa Makumbusho ya Sanaa ya Rwanda mwaka 2018. Kazi nyingi zinazotoka katika karakana za mji huu zimeegemea rangi kali, tabaka nene za akriliki na maumbo ya watu yaliyorahisishwa. Uchaguzi huo una mantiki yake, kwa kuwa akriliki hukauka kwa dakika chache na mnunuzi mgeni hutaka kuondoka na kazi iliyokauka, wakati ambapo mpito laini wa nusu-kivuli hupatikana kwa urahisi zaidi kwa rangi za mafuta zinazobaki mbichi kwa siku kadhaa. Anayetumia akriliki kwa kazi ya nuru ya ndani hulazimika kuongeza kikawilisho, yaani kimiminika kinachochelewesha kukauka, au kuujenga mpito kwa tabaka nyembamba zinazopishana.

Mada zenyewe zimejaa. Nyamirambo, mtaa wenye Waislamu wengi na ambamo Kiswahili kimezungumzwa kwa vizazi, una mafundi cherehani wanaoketi kizingitini hasa kwa sababu ya nuru, nusu ya mwili ikiwa juani na nusu ikiwa ndani, na una vinyozi wanaofanya kazi kati ya vioo viwili vinavyotazamana. Katika kibanda cha kinyozi usiku, taa nyeupe ya LED iliyo darini hutupa kivuli cha paji ndani ya macho na kuiacha pua iking'aa, kioo hurudisha nuru ileile kutoka mbele, na simu iliyo mkononi mwa anayesubiri humwangaza kidevu kwa buluu. Vyanzo vitatu, vivuli vya pande tatu, na kila kivuli kina rangi yake, kwa kuwa mahali taa moja imezuiliwa hubaki nuru ya nyingine. Kerry James Marshall, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mwaka 1955, alithibitisha kwa mchoro wake De Style wa mwaka 1993 kwamba saluni ya kinyozi inaweza kubeba uzito wa mchoro mkubwa wa makumbusho, ingawa yeye huwachora watu wake kwa weusi wa makusudi unaokaribia ubapa na hafuati nuru ya chumba hatua kwa hatua. Saluni ya Nyamirambo iliyochorwa kwa nuru yake halisi ni kazi tofauti, na ni ngumu zaidi.

Anayetaka kuanza asianze na saluni. Achague chumba chenye mlango mmoja unaoelekea mashariki, amkalishe mtu mmoja mita 2 kutoka kizingitini, afunge madirisha mengine yote, na achore kwa rangi mbili tu, sienna ya kuchomwa na ultramarini, pamoja na nyeupe, kati ya saa tatu na saa tatu na nusu asubuhi kwa siku kadhaa zenye hali ya hewa inayofanana. Akishaweza kueleza kila kivuli kilichomo kimetoka wapi na kina rangi hiyo kwa nini, afungue dirisha la pili.